Bafu Lililoziba: Adui Mdogo Ndani ya Nyumba ya Askari

Wahenga walituusia kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Leo, kwa idhini ya wahenga hao, twataka kuugeuza usemi huo na kuwaambia ndugu zetu wa jeshi na wa polisi kwamba asiyezibua tundu huishia kununua bomba. Maana katika nyumba ya askari, kama katika nyumba ya raia yeyote, ni vigumu kupata kitu kidogo kinachodharauliwa na kuleta usumbufu mkubwa kama tundu la kutolea maji ya kuogea. Likiwa wazi, hakuna anayelikumbuka. Likiziba, mwenye nyumba huoga huku miguu yake imezama katika uchafu wa jana, mama watoto hunung'unika, na jirani wa ukuta wa pili huanza kuuliza harufu ile yatoka wapi.

Katika makala haya tumekusudia kueleza, kwa utaratibu ambao askari ameuzoea, jinsi bafu linavyoziba, jinsi ya kulizibua pasipo kujidhuru, na jinsi ya kulilinda lisizibe tena. Jambo moja twapenda msomaji alishike tangu mwanzo: bafu haliamki asubuhi moja likiwa limeziba. Huzibwa na sisi wenyewe, kidogo kidogo, kila siku tunapooga. Kwa hiyo ulinzi wake ni kazi ya kila siku ya wale wanaolitumia, wala si kazi ya fundi aitwaye mara moja kwa mwaka, wala si kazi ya dawa kali inayomiminwa kwa hasira.

JESHI NA MIFEREJI

Huenda afande mmoja akasema kwamba habari za mabafu ni za matopasi, na kwamba askari ana mambo makubwa zaidi ya kufikiria. Historia ya majeshi yatufundisha vingine.

Katika vita vya Crimea, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1853 na mwaka 1856, askari wa Uingereza waliougua au kujeruhiwa walivushwa bahari hadi Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul nchini Uturuki. Huko walilazwa katika jengo kubwa ambalo asili yake lilikuwa kambi ya jeshi. Muuguzi mashuhuri Florence Nightingale aliwasili hapo Novemba 1854 pamoja na wauguzi wenzake, wakafanya kazi kubwa ya usafi na uangalizi. Hata hivyo, majira ya baridi yalipokolea, vifo vilizidi kupanda. Wengi wa waliokufa hawakufa kwa risasi wala kwa mikuki. Walikufa kwa kuhara damu, kipindupindu na homa ya matumbo. Mwezi Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 waliolazwa, takriban 42 walifariki.

Mwezi Machi mwaka huo ilifika tume ya afya iliyotumwa na serikali ya Uingereza. Tume ile ilikuta kwamba mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya jengo ilikuwa imejaa na kuziba, na hewa yake chafu ilirudi vyumbani walimolala wagonjwa. Ikaamuru mifereji izibuliwe na kusukumwa kwa maji, taka zizolewe, kuta zipakwe chokaa na hewa safi iruhusiwe kuingia. Kufikia Juni, vifo vilikuwa vimeshuka hadi wagonjwa wapatao 2 katika kila 100. Hatusemi kwamba mfereji peke yake ndio uliookoa watu wote hao. Chakula kilikuwa bora zaidi, baridi ilikuwa imepungua, na wagonjwa hawakurundikana tena kama zamani. Lakini tangu wakati ule hakuna jeshi lenye akili lililowahi tena kuuona mfereji wa maji machafu kuwa jambo dogo.

Nyumba ya askari si hospitali ya vita. Kanuni, hata hivyo, ni ile ile: maji yaliyokwisha kutumika sharti yaondoke, na yakiisha kuondoka, harufu yake na wadudu wake wasipate njia ya kurudi.

MLINZI ASIYEONEKANA

Ili tuelewe namna ya kuzibua, yatupasa kwanza tujue kilichoko chini ya tundu. Iwe ni hodhi la kuogea la chuma, kama yale yaliyowekwa katika baadhi ya nyumba za maofisa zilizojengwa zama za Waingereza, au iwe ni sakafu ya saruji yenye tundu pembeni kama ilivyo katika nyumba nyingi za askari wa vyeo vya chini, maji hayaendi moja kwa moja kutoka tunduni hadi nje. Chini ya tundu kuna bomba lililopindwa mfano wa shingo ya bata, ambalo mafundi huliita trapu. Katika mpindo huo hubaki maji daima, aghalabu yenye kina cha sentimita 5 hadi 7 hivi.

Maji hayo si mabaki ya bure. Ndiyo mlinzi wa lango. Maji mapya yakija, humpita mlinzi na kwenda zao. Lakini hewa chafu inayotoka kwenye chemba na shimo la nje haiwezi kupenya maji yale, wala mende hapendi kuyavuka. Hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wa bomba lililopindwa namna hiyo kwa ajili ya choo alipewa Alexander Cumming, mtengenezaji wa saa kutoka Scotland, mjini London mwaka 1775. Tangu hapo hadi leo, zaidi ya miaka 240 baadaye, ulimwengu haujapata kitu rahisi zaidi cha kuchukua nafasi ya mpindo ule.

Lakini kila mlinzi ana udhaifu wake. Mpindo unaozuia hewa chafu ndio pia unaonasa uchafu. Na uchafu wenyewe ni wa namna nne.

Wa kwanza ni nywele. Mtu mzima mwenye afya hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kila siku, hata kama haoni upaa kichwani. Tuchukue mfano wa nyumba ndefu yenye jamaa nane, kila jamaa lina watu watano, na wote huoga katika bafu moja. Hao ni watu 40. Hata tukikadiria nywele 50 tu kwa kila mmoja, na hata zikianguka bafuni nusu yake tu, tundu lile hupokea nywele 1,000 kwa siku moja. Askari mwenye kunyoa kipara asidhani kwamba yeye yumo nje ya hesabu: vinyweleo vya ndevu anavyonyoa kila alfajiri kabla ya gwaride ni vifupi na vigumu, navyo hujipenyeza ndani ya nywele ndefu za wengine kama makapi ndani ya udongo wa kukandika. Nyuzi za kusukia nywele nazo huja kuzidisha balaa, kwani hizo hazitaoza kamwe.

Wa pili ni sabuni. Sabuni ya mche ikikutana na maji magumu, yaani maji yenye chokaa nyingi, kama yale ya baadhi ya visima, hugeuka ukoko mweupe usioyeyuka. Ukoko huo hushika ukuta wa bomba, na juu yake hunata mafuta ya mwilini na mafuta ya kujipaka.

Wa tatu ni mchanga na udongo. Askari atokapo doria au mazoezini huosha miguu yake bafuni, na pengine viatu vyake pia. Mchanga ni mzito. Hauendi mbali na maji, bali hutua katika mpindo wa trapu na kukaa hapo.

Wa nne ni nyuzi. Dodoki tunalosugulia mwili hukatika vijuzi vidogo vidogo, na vijuzi hivyo hufunga kazi iliyoanzwa na nywele. Nywele ndizo nondo, nyuzi ndizo seng'enge, mchanga na sabuni ndio saruji. Ukuta umekamilika, na maji hayapiti.

KWANZA UPELELEZI

Askari haendi vitani kabla ya kumjua adui yuko wapi. Bafu likiziba, usikimbilie kuchokoa. Angalia kwanza ni tundu moja tu lililoziba au ni yote.

Ikiwa bafu peke yake ndilo lililoziba, ilhali choo na mahali pa kuoshea vyombo panapitisha maji vizuri, basi adui yuko karibu: ama katika chujio la tunduni, ama katika trapu, ama hatua chache mbele yake. Kazi hiyo ni yako, na unaiweza.

Ikiwa ukimwaga maji chooni hurudi bafuni, au ikiwa nyumba zote za mstari mmoja zimeziba siku moja, basi adui hayumo nyumbani mwako. Yuko katika bomba kuu, katika chemba ya nje, au shimo limejaa. Hapo utachokoa bafu mpaka usiku bila kufaulu. Toa taarifa kwa msimamizi wa nyumba, aitwe fundi mwenye vyombo vinavyofaa.

Na ikiwa maji hayajakwama kabisa bali yanakwenda polepole kila siku kuliko jana, hiyo ni taarifa ya awali ya adui. Anayeshughulika siku hiyo hutumia dakika kumi. Anayengoja bafu lizibe kabisa hutumia asubuhi nzima.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya kwanza: vaa glavu za mpira, na kama huna, jifunge mfuko wa plastiki mkononi. Kamwe usitie kidole kitupu tunduni. Nyembe zilizotumika huangukia humo mara nyingi, na jeraha lililokatwa na wembe mchafu ndani ya maji machafu si jeraha la kupuuzwa. Watu kadhaa wakitumia bafu moja, hujui wembe ule ulikuwa wa nani.

Hatua ya pili: teka maji yaliyosimama kwa kopo mpaka yabaki kidogo. Ondoa chujio, mara nyingi hushikwa na skurubu moja tu katikati, na bisibisi yatosha. Kisha chukua waya mwembamba au spoki ya baiskeli, ukunje ncha yake iwe kama ndoana ndogo, uiteremshe taratibu, uizungushe, halafu uivute. Usisukume. Kosa la watu wengi ni kuchukua fimbo na kuushindilia uchafu kwenda chini, ambako utapata mahali pagumu zaidi pa kujificha. Tunalotaka ni mateka, naye huletwa juu. Mara nyingi litatoka donge jeusi la nywele lenye kunuka, na papo hapo maji yataanza kwenda. Tunathubutu kusema kwamba mabafu mengi ya nyumbani huzibuka kwa hatua hii moja.

Hatua ya tatu: mwaga ndoo ya maji ya moto ili kuyeyusha mafuta na kulainisha ukoko wa sabuni. Kama mabomba ni ya plastiki, maji yawe ya moto kiasi cha kutia mvuke lakini yasiwe yanachemka, kwani maji yachemkayo huweza kulegeza plastiki na viungo vyake. Watoto wawekwe mbali.

Hatua ya nne, ikiwa maji bado yamekataa: tumia kile kikombe cha mpira chenye mpini ambacho hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Acha maji yafunike ukingo wa kikombe, kwa kuwa hewa hukandamizika na kupoteza nguvu, lakini maji hayakandamiziki. Paka mafuta ya mgando ukingoni ili kigande vizuri. Kama ni hodhi, hapana budi kwanza kuliziba kwa tambara bichi lile tundu la juu ambalo hupunguza maji yasifurike. Ukiliacha wazi, nguvu yako yote itatokea huko, nawe utashangaa kwa nini unapiga bila mafanikio. Kisha sukuma na kuvuta mara 15 au 20 kwa mwendo mmoja, na mvuto wa mwisho uwe wa ghafla. Kuvuta kuna faida kuliko kusukuma.

Hatua ya tano: ikiwa trapu yafikika, weka ndoo chini yake, fungua nati zake kwa mkono au kwa spana bila kukaza nguvu mno, ushushe maji, usafishe mpindo kwa waya na maji ya sabuni, halafu uirudishe. Hakikisha kile kipete cha mpira kimekaa mahali pake, kwani kikikaa upande, trapu itavuja. Baada ya hapo mwaga maji na uchunguze kwa kidole kikavu kila kiungo.

Na ikiwa baada ya hatua zote hizi maji bado yamesimama, usione haya kumwita fundi. Anao waya mrefu wa kuzungushwa unaofika mahali ambapo spoki yako haifiki.

DAWA KALI NI SILAHA ISIYOCHAGUA ADUI

Hapa twaomba wasomaji wetu watusikilize kwa makini, maana hatari kubwa zaidi ya bafu lililoziba haimo katika maji machafu bali katika chupa inayonunuliwa ili kuyazibua.

Kuna wanaotumia kostiki soda, ile itumiwayo na watengenezaji wa sabuni. Ni kweli kwamba huyeyusha nywele na mafuta. Lakini kile kinachoyeyusha nywele huyeyusha pia ngozi, na tone moja likirukia jichoni laweza kumpofusha mtu. Ikikutana na maji hutoa joto kali. Ndiyo maana mwenye kuitumia sharti aitie soda ndani ya maji baridi, kidogo kidogo, wala asimwage maji juu ya soda. Ikigusa aluminiamu, kama vile sufuria zetu za kawaida, huila na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Na ikishindwa kuzibua, hubaki ndani ya bomba ikimngoja yule atakayekuja baadaye na kikombe cha mpira, asiye na habari, ikamrukia usoni.

Wapo pia wanaofikiri kwamba dawa mbili ni bora kuliko moja. Huko ni kujitafutia mauti. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo wengi huiita jiki, ikichanganywa na asidi ya kusafishia vyoo hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa kama silaha na jeshi la Ujerumani huko Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Askari aliyesoma historia ya vita hawezi kukubali kuitengeneza kwa mikono yake mwenyewe ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha, ambamo watoto wake wataingia kuoga.

Kama mtu amerukiwa na kostiki, avue nguo zilizolowa na aoshwe kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda usiopungua dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Kama mtoto ameinywa, asitapishwe, kwani itaunguza koo mara ya pili. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chombo alichokinywea. Na mahali pa kuzuia ajali hii ni dukani: tusiweke dawa hizo katika chupa za soda au za maji ya kunywa.

Wengine hutumia siki pamoja na soda ya kuokea mikate. Hiyo haina hatari, na povu lake hufurahisha macho, lakini haiyeyushi nywele. Tukiitumia, tuitumie kwa kuondoa harufu, wala tusiitegemee kuvunja donge.

KAMWE USISHUKE SHIMONI

Kuna neno moja la ziada, na kwa askari na polisi lina uzito wa pekee, kwa kuwa wao ndio huitwa kwanza mahali palipo na msiba. Chemba yenye kina na shimo la maji machafu vina gesi yenye harufu ya yai bovu. Gesi hiyo ikiwa kidogo, hunuka. Ikiwa nyingi, huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani hewa imekuwa safi wakati ambapo mauti yamekaribia. Mara nyingi hutokea kwamba mtu mmoja huingia shimoni na kuanguka, wa pili huingia kumwokoa naye huanguka, na wa tatu huwafuata. Ushujaa wa namna hiyo huongeza maiti tu. Funua mfuniko, zuia watu wasikaribie, wala pasiwe na sigara wala moto, na uwaite wa zimamoto wenye vifaa vya kuvutia hewa. Hakuna bafu lenye thamani ya roho ya mtu.

ULINZI WA KILA SIKU

Kuzibua ni vita. Kuzuia ni amani, na amani huwa na gharama ndogo. Weka juu ya tundu chujio lenye matundu madogo. Kama halipatikani dukani, kifuniko cha kopo kilichotobolewa kwa msumari, na makali yake yakapondwa kwa nyundo, chafaa kabisa. Kila amalizaye kuoga akusanye nywele zilizonaswa, azitie katika pipa la taka, wala asizisukume kwa kidole cha mguu ziingie ndani. Viatu vya matope vioshwe nje. Vyombo vya kupikia, mabaki ya chakula na mafuta ya kukaangia visipelekwe bafuni. Dodoki lililochakaa litupwe kabla halijaanza kukatika. Mara moja kwa juma mwaga ndoo ya maji ya moto yenye sabuni ya unga, na mara moja kwa mwezi fungua chujio uvute kilichojificha chini yake.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu mwaka 2007 askari wengi wa Uganda wamekwenda Somalia kulinda amani, na huko hukaa miezi mingi mfululizo. Polisi nao huhamishwa au hutumwa mbali ghafla. Nyumba hufungwa. Mwenyewe arudipo, hupokewa na harufu nzito na majeshi ya mende, akadhani bomba limepasuka. Kumbe yale maji ya trapu yamekauka kwa kukosa kuongezwa, mlinzi ameondoka langoni, na njia iko wazi kutoka shimoni hadi chumbani.

Jambo hilo si la harufu peke yake. Mwezi Machi 2003, homa ya SARS ilipoingia katika majumba marefu ya Amoy Gardens huko Hong Kong, wakazi zaidi ya 300 waliambukizwa. Wachunguzi waligundua kwamba katika nyumba nyingi trapu za sakafu za mabafu zilikuwa kavu, kwa kuwa wakazi walipangusa sakafu kwa tambara badala ya kumwaga maji. Matone madogo yenye virusi yalivutwa kupitia matundu hayo makavu hadi ndani ya mabafu, hasa pale ambapo pangaboi za kutolea hewa ziliendeshwa. Watu walikuwa wamefunga milango yao, lakini ugonjwa uliingia kwa tundu la kuogea.

Basi kabla ya safari ndefu, mwaga maji ya kutosha katika kila tundu la nyumba, kisha ongeza vijiko viwili vya mafuta ya kupikia. Mafuta huelea na kuzuia maji yasikauke upesi. Funika tundu kwa kitu kizito, na umwachie jirani mwaminifu kazi ya kuongeza kopo la maji kila majuma machache. Utakaporudi, fungua madirisha na umwage ndoo moja kila tundu kabla ya jambo lingine.

MALI YA WOTE INA MWENYEWE

Tumesema mengi kuhusu nyumba ya mtu mmoja. Lakini askari wengi huishi katika nyumba zenye bafu la pamoja, na hapo tatizo si bomba bali ni ubinadamu. Kila mmoja huona donge la nywele, na kila mmoja huamini kwamba si nywele zake. Anayeliondoa leo huona amewafanyia kazi wavivu, kesho huacha. Baada ya siku chache wake wa askari hutupiana maneno, watoto wakakatazwa kucheza pamoja, na waume waliolinda zamu moja wakanyimana salamu. Urafiki wa miaka hufa kwa ajili ya tundu lenye upana usiozidi sentimita 5.

Dawa yake askari anayo tayari, nayo ni zamu. Lango la kambi halilindwi kwa hisani ya anayejisikia. Lina orodha, lina saa, na kila mtu hujua nani anampokea nani. Bafu la jamaa nane laweza kuwa na orodha ya namna hiyo hiyo, ikabandikwa mlangoni: juma hili jamaa hili, juma lijalo jamaa lile. Anayepokea zamu akague tundu mbele ya anayekabidhi. Vifaa viwe vya pamoja: ndoo moja, glavu jozi moja, spoki moja iliyokunjwa, kikombe kimoja cha mpira. Wakichangia wote, gharama ya kila jamaa haitafika hata bei ya sabuni za mwezi mmoja. Tena zamu hiyo isiwe ya wanawake na vijakazi peke yao. Mwenye tepe tatu begani naye huoga, na nywele zake haziogopi cheo.

Tusisahau pia kwamba maji yakisha kupotea machoni petu, safari yake haijaisha. Mjini Kampala, sehemu kubwa ya maji machafu ya mabomba yaliyounganishwa na mtandao wa Shirika la Taifa la Maji na Maji Machafu, shirika lililoundwa mwaka 1972, hupelekwa kwenye mitambo ya kusafishia huko Bugolobi, na baada ya hapo hupitia bonde la Nakivubo hadi katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria. Na ni katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, ndiko sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya mji huvutwa. Mafuta tunayoyamwaga, dawa kali tunayoimimina na maji yanayofurika kutoka chemba zilizoziba hushuka kuelekea ziwa lile lile linalotunywesha. Atupaye uchafu mtoni huteka maji chini yake.

Kwa hiyo, ndugu askari, tunawasihi mlione tundu la bafu kama mnavyoliona lindo. Lindo halihitaji nguvu nyingi. Lahitaji mtu kuwa macho kwa wakati wake, na kumkabidhi mwenzake kila kitu kikiwa katika hali njema. Anayeondoa nywele chache leo hapati nishani wala hasifiwi gwarideni. Lakini watoto wake huoga katika maji yanayokwenda, jirani yake humsalimu kwa moyo mweupe, na aitwapo usiku kwenda kazini huondoka akijua kwamba nyumbani kwake hakuna mlango wa siri uliobaki wazi nyuma yake.